Barua kwa mwanangu: Yule wa baiskeli

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako. Unauliza kama uhamie kanisa la wenzako wa kazini, wale wanaosema Mungu husema nao kila asubuhi, maana wewe ukisali chumbani kwako huko Dodoma husikii kitu. Nitafika huko. Kwanza niambie, tangu lini kwetu mtu akamsikia Mungu papo hapo?

Nimeshasema, na mtanizika nikilisema: Mungu huonekana akishapita. Musa mwenyewe aliambiwa, Kutoka 33, "utaniona nyuma yangu". Na wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye, wakamsimulia habari zake mwenyewe kana kwamba hazijui. Walipomtambua mezani, akatoweka. Ndipo wakaanza kuulizana habari za mioyo kuwaka.

Unaijua habari ya dada yako, mvua zile za El Nino, 1998. Wewe ulibaki kwa bibi. Gari hazikupanda kwetu kwa matope, nikateremka kwa miguu kwenda hospitali, mtoto mgongoni, homa imempanda hadi halii tena. Ikaja pikapu ya kanisa. Aliyeendesha simtaji, unamjua. Akapunguza mwendo, akanitazama, akasema amebeba mabati ya kanisa, akaenda zake. Nafasi ilikuwepo! Niliiona kwa macho yangu. Hadi leo akinipa mkono baada ya ibada mimi naona mabati.

Aliyetufikisha ni kijana wa baiskeli, anatoka kuuza ndizi. Na usiniletee Msamaria Mwema, maana yule alilipa kwa mfuko wake. Huyu alitaja bei kabla ya salamu. Nikaomba apunguze, akapunguza kidogo. Tulipofika kwenye tope la mtoni akaongeza mia tano. Baba yako alikuwa akiicheka sana habari hii. "Mfanyabiashara huyo, Mama, usimvike mabawa." Labda. Hata mimi siku ile sikumwona Mungu popote, nilimwona mtu ananipunja. Lakini mlimani hakutushusha, alisukuma baiskeli na sisi juu yake mpaka getini. Akapokea hela yake, akaihesabu yote. Kesho yake asubuhi nikamwona amesimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, anauliza kama mtoto ameamka. Hakuwa na kazi nyingine hospitalini. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akaenda, wala jina sikumuuliza.

Sasa ukisema Mungu alikuwa kwenye baiskeli, kwenye pikapu alikuwa wapi? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Na dereva yule alijua kuomba kuliko mimi. Pengine naye alikuwa na haraka nisiyoijua. Pengine. Lakini nafasi ilikuwepo.

Na fungu la siku ile, kwenye kile kitabu kidogo cha neno la kila siku ambacho wenzetu Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakikichapisha tangu 1731, nililisoma alfajiri na nimelisahau kabisa. Kwenye ushuhuda wangekuambia lilihusu safari. Mimi siwezi kukudanganya. Nililisoma kama ninavyolisoma siku zote, chai ikichemka, nikafunga kitabu.

Haya, hilo kanisa. Nilimwahidi baba yako kabla hajatutoka kwamba mkishakua sitawachagulia kanisa wala mchumba. Kwa hiyo sisemi. La kusema ninalo, tena refu, ila sisemi. Nenda Jumapili moja. Ukirudi usinieleze walisikia nini. Nieleze wenye magari wakitoka pale wanaondoka na nani.

Dada yako anakusalimu. Analalamika kila akipiga hupatikani. Ndizi nitazituma na basi la Alhamisi, uende stendi mapema zisije zikaivia huko.

Mama yako