Gego limemeguka na miadi ya daktari ni wiki ijayo, nifanyeje?

Mkuu pole sana. Umesema gego la chini limemeguka upande, maji ya baridi yanakuchoma hadi sikioni, na kuna mtu kakushauri usage aspirini ujaze kwenye shimo. Hiyo ya aspirini achana nayo kabisa. Ni tindikali, itakuunguza ufizi na shavu kwa ndani, utabaki na kidonda juu ya jino bovu. Dawa ya maumivu humezwa.

Mimi langu lilipasuka pembeni ya kijazo cha zamani, kile daktari alichozibia jino. Kilichonitesa zaidi wala siyo shimo, ni ile ncha kali iliyobaki, kila nikiongea inakwaruza ulimi. Nikasukutua kwa maji ya uvuguvugu, nikalikausha jino kwa kitambaa safi, nikatafuna chingamu isiyo na sukari kwa upande usiouma hadi ikalainika, kisha nikaikandamiza kwa kidole juu ya ncha. Chingamu ya sukari usiiweke humo, utalia. Inashika saa chache tu, na ukienda kulala itoe isije ikakupalia. Ukipata duka la dawa lenye kijazo cha muda, hicho ni bora zaidi. Gundi ya kawaida usiguse.

Kufunika kunasaidia kwa sababu chini ya ganda gumu la jino kuna tabaka lenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye kiini penye mshipa wa fahamu. Ganda likitoka, baridi na sukari vinapata njia.

Sasa sikiliza maumivu yenyewe yakoje. Yakija ukinywa baridi na kuisha mara moja, mara nyingi kiini bado kizima na huenda kuziba kukatosha. Yakibaki muda mrefu baada ya kunywa, au yakikuamsha usiku yakidunda yenyewe, kiini kimeumia, piga simu uombe miadi isogezwe mbele. Halafu kuna yale yaliyokuwa makali yakakatika ghafla. Hapo ndipo wengi wanafuta miadi, kumbe huenda mshipa umekufa na usaha unajikusanya chini ya mzizi. Wewe nenda hata kama limenyamaza.

Dawa: kwa mtu mzima, parasetamoli za miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli hiyohiyo ndani. Ibuprofeni inafanya kazi vizuri kwa jino, ila baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu au ujauzito aulize kwanza. Antibayotiki zilizobaki kabatini ziache, hazizibi jino.

Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kweli: chovya pamba, ikamue, gusa jino tu, maana yakimwagika kwenye ufizi yanaunguza. Usiku inua kichwa kwa mito miwili. Ukilala chali jino linadunda zaidi. Kipande kilichomeguka kama unacho, kiweke kwenye maziwa uende nacho, wakati mwingine hurudishwa.

Shavu likivimba kuelekea jichoni au shingoni, ukipata homa, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo siyo ya kusubiri miadi, ni hospitali usiku huohuo.

Na yule mwingine aliyeuliza kuhusu jino lililong'oka zima kwa kugongwa: kama ni la ukubwani, shika sehemu ya kutafunia, mzizi usiuguse wala kuusugua. Lisuuze haraka, lirudishe kwenye tundu lake, ung'ate kitambaa. Ukishindwa, lichovye kwenye maziwa ukimbie kwa daktari ndani ya nusu saa ikiwezekana. La utotoni halirudishwi, litaumiza lile linalokuja.