Maswali na majibu: Huna tezi mkononi

Daktari, nina tezi mkononi. Nitumie dawa gani?

Huna tezi mkononi. Tezi zinazovimba hadi mtu akazipapasa ziko hasa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara mwandishi hasemi uvimbe uko wapi, umekaa muda gani, ni laini au mgumu, unasogea ukiubonyeza au umeng'ang'ania. Bila hayo mnataka nipige ramli. Picha ya simu nayo hainisaidii sana, kwa sababu uvimbe unajulikana kwa vidole kuliko kwa macho.

Nina uvimbe wa duara mgongoni mwa mkono, pale kwenye kifundo. Nikikunja mkono unatokeza, nikiunyoosha unafifia. Babu anasema nipigwe kwa kitabu kizito utapotea.

Huyu ameeleza, na ndiyo maana atajibiwa kwa kirefu. Maelezo yako yanaelekea ganglioni, uvimbe unaoongoza kwa kutokea mkononi. Ni kifuko chenye ute mzito unaong'aa, na kina shina linalokiunganisha na kiungo au ala ya kano (ganda la ile kamba inayounganisha msuli na mfupa). Ingia chumba chenye giza, uuwekee tochi ya simu ubavuni: ukiwa na ute, mwanga hupenya na uvimbe wote huwaka. Nyama ngumu haipitishi mwanga.

Babu hakosei kwamba utapotea. Ukipigwa, kifuko hupasuka, ute hutawanyika, na kila mtu hushangilia. Shina limebaki palepale, kwa hiyo kifuko hujaa tena, na safari hii huenda ukawa na mfupa uliovunjika pia. Kuuvuta ute kwa sindano ni heri kuliko kitabu, ila zaidi ya nusu hurudi. Upasuaji unaong'oa kifuko pamoja na shina lake ndio wenye marudio machache, ingawa unaacha kovu, na wengine kifundo hukakamaa kwa muda.

Wengi hawaambiwi kwamba karibu nusu ya ganglioni hupotea zenyewe, ingawa huweza kuchukua miaka. Kama haukuumi, haukutii ganzi vidoleni wala haukuzuii kazi, uache. Na ukiwa upande wa kiganja, chini ya kidole gumba, pale muuguzi anapohesabu mapigo, asikuchome mtu sindano kwa kubahatisha. Ateri inapita hapohapo.

Uvimbe usiouma ni salama?

Si lazima. Saratani za tishu laini mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Mimi ni mshonaji. Nina kilengelenge kinachong'aa karibu na ukucha wa kidole cha kati. Nakitoboa, kinatoa ute, kinarudi. Sasa ukucha umeanza kuwa na mfereji.

Dada, weka hiyo sindano chini. Kilengelenge hicho kina njia inayokwenda hadi ndani ya kiungo cha mwisho cha kidole, na kila unapokitoboa unawafungulia bakteria mlango. Kiungo kikishaoza, ukucha wenye mfereji utauona kuwa jambo dogo. Mfereji wenyewe unatokana na kifuko kuukandamiza mzizi wa ukucha. Mara nyingi kiungo hicho kimeshalika na kuota vijiti vya mfupa, na daktari wa upasuaji huviondoa pamoja na kifuko.

Baba ana kinundu kiganjani na kidole cha pete hakinyooki. Ana kisukari. Tumsugue kwa mafuta?

Mafuta yatamlainisha ngozi tu. Mwambie akinyooshe kidole kwa mkono wa pili. Kikikwama kisha kikaachia kwa mlio, ni kano iliyonasa kwenye ala yake. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, husaidia wengi, lakini kwa mwenye kisukari sukari hupanda kwa siku kadhaa, basi aipime. Kikigoma kabisa, na ukapapasa kamba ngumu chini ya ngozi, huo ni ugonjwa unaoitwa kwa jina la Dupuytren, daktari wa Ufaransa aliyeufanyia upasuaji mwaka 1831. Alaze kiganja mezani. Kisipolala bapa, amwone daktari wa mikono. Kisukari huongeza uwezekano wa yote mawili.

Nilitolewa uvimbe mgumu kidoleni, umerudi. Niliuliza majibu ya maabara, nikaambiwa waliutupa.

Hili ndilo linalonikera kuliko kitabu cha babu. Kuna uvimbe wa ala ya kano, mgumu, usio saratani, wenye tabia ya kurudi, na huenda ndio wako. Huenda. Uliotupwa hauwezi kuulizwa. Kinachokatwa mwilini kiende maabara, hata daktari akiapa kwamba anakijua kwa kukitazama. Mwulize kabla hujalala mezani, maana baada ya hapo umeshauziwa mbuzi kwenye gunia. Safari hii anza na kipimo cha picha, altrasaundi au MRI, kabla ya kisu. Na wale mliosoma kwamba uvimbe wa kutisha ni ule unaozidi sentimita 5: mkono ni mdogo, msisubiri ufike huko. Unaokua, ulio mgumu na kina kirefu, au uliorudi, uchunguzwe hata ukiwa kama punje ya mahindi.

Wangu unadunda kama moyo. Niukamue?

Usiuguse. Huo huenda ni mshipa wa damu.

Nilichomwa na mwiba kidoleni juzi. Kidole kimevimba chote, nimekikunja kidogo, siwezi kukinyoosha. Nameza antibayotiki zilizobaki za mwaka jana.

Huyu nilimjibu saa ileile. Naiweka hapa kwa ajili ya atakayefuata. Kidole kilichovimba chote kama soseji, kimejikunja, kinauma ukikibonyeza upande wa kiganja na kinauma zaidi ukijaribu kukinyoosha, kina usaha ndani ya ala ya kano. Vidonge vya mwaka jana havitaufikia. Kano hufa kwa muda mfupi, na kidole hubaki kigumu maisha yote. Nilimwandikia maneno manne: nenda hospitali usiku huu.