Kwako linki inafunguka, kwa mwanafunzi je?

Muhula wa kwanza niliofundisha kozi nzima mtandaoni, nilijiona nimejipanga. Kila kitu kilikuwa ndani ya Moodle, jukwaa letu la kufundishia mtandaoni, kabla wiki ya kwanza haijaanza: video, mazoezi, tarehe za kukusanya kazi, na makala 12 za kusoma, zote nimezitoa kwenye hifadhidata za maktaba ya chuo. Jumapili saa nne usiku simu ikaanza kulia. "Mwalimu, shikamoo. Linki ya wiki ya kwanza haifunguki." Wa pili akatuma picha ya skrini yake: mchapishaji anamtaka alipe ndipo asome. Nikaifungua mimi palepale, ikafunguka. Nikamjibu, kwa kiburi kidogo, ajaribu tena. Akajaribu. Wapi!

Aliyenifumbua macho ni mkutubi mmoja mvumilivu. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya IP, yaani namba ya mtandao anaoingilia. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo unapita moja kwa moja, wala hujui kama hapo pana mlango. Mimi linki zangu nilizinakili nikiwa ofisini, na usiku ule kompyuta yangu ilikuwa bado inakumbuka kwamba mchana niliingia kupitia maktaba. Mwanafunzi yuko kwao, anatumia simu, hakuna kinachomtambulisha. Tena nusu ya linki zangu zilikuwa ndefu kama mkeka, zimejaa namba za utafutaji wangu wa siku ile. Namba hizo huisha muda wake, na linki inakufa nazo. "Hii uliyonakili siyo anwani ya makala," mkutubi aliniambia, "ni nyayo zako ulipokuwa unaitafuta."

Sasa nafanya hivi. Naanza na namba ya DOI ya makala, yaani kitambulisho chake cha kudumu, ile inayoanzia na 10, nikiitanguliza na https://doi.org/. Jarida likihamia kwa mchapishaji mwingine, namba inabaki ileile. Wachapishaji ndio wenye jukumu la kusahihisha inakoelekea. Isipokuwepo, natafuta linki ya kudumu ambayo hifadhidata yenyewe inatoa. Kwa JSTOR, hifadhidata ya makala za kitaaluma, kwa mfano, utaiona ina neno "stable" katikati. Kisha mbele ya linki hiyo naweka kipande cha maktaba yetu, kile kinachompeleka mwanafunzi kwanza kwenye ukurasa wa kuingiza nywila kabla ya kumfikisha kwenye makala. Vyuo vingi hutumia EZproxy kwa kazi hii, vingine OpenAthens, na kila maktaba ina namna yake ya kuiandika. Usikisie. Muulize mkutubi akupe mfano mmoja unaofanya kazi, uuhifadhi mahali, kisha uwe unabadilisha mwisho wake tu.

Najua mnachowaza, wenzangu: si nipakue PDF niipandishe kwenye kozi, yaishe? Nimeshafanya hivyo sana, na nimejuta mara mbili. Ukiacha suala la leseni (nyingi huruhusu kuweka linki lakini si kusambaza nakala, kwa hiyo uliza), kuna jambo ambalo sikulijua hadi siku nilipoitwa kwenye kikao cha maktaba. Fedha zinapopungua, wakutubi huangalia jarida limefunguliwa mara ngapi ndipo waamue lipi walipie tena. Jarida ambalo darasa langu zima lilikuwa linalisoma lilionekana halina msomaji, kwa sababu lilifunguliwa mara moja tu, na mimi, siku niliyoipakua ile PDF. Nusura lifutwe, na wa kulaumiwa ningekuwa mimi.

Mara ya pili iliniuma zaidi. Nilikuwa nimepiga skani sura ya kitabu, kurasa zimekaa upande. Mwanafunzi wangu asiyeona akaniandikia kwa adabu kabisa kwamba programu yake ya kusoma skrini inamwambia kurasa zote ni tupu. Haikukosea. Kwa programu ile, skani yangu ilikuwa rundo la picha lisilo na herufi hata moja. Sura hiyohiyo maktaba ilikuwa nayo, safi, inayosomeka, na mimi sikuuliza.

Vitabu vya kielektroniki navyo vina mtego wake. Kitabu kuwemo kwenye orodha ya maktaba hakumaanishi darasa zima linaweza kukifungua kwa pamoja. Leseni nyingine ni ya msomaji mmoja kwa wakati, nyingine watatu. Ukiwa na wanafunzi 80 na kazi ya kukusanya Ijumaa, unajua wenyewe watakifungua lini: Alhamisi usiku, wote. Mtaarifu mkutubi wiki kadhaa kabla, huenda akapata leseni pana zaidi. Ikishindikana, gawa sura kwa makundi na uzipangie siku tofauti.

Halafu suala la mahali pa kuiweka. Zamani nilibandika linki moja ya tovuti ya maktaba juu kabisa ya kozi, nikahesabu kwamba nimeunganisha maktaba na masomo. Hakuna aliyeigusa. Siku hizi makala inakaa chini ya swali linaloihitaji, na maelezo mafupi: soma ukurasa wa 14 hadi 19, tazama jedwali la pili, kisha sema kama unakubaliana na mwandishi. Wiki ya tasnifu ndogo, mkutubi mwenyewe namwingiza kwenye kozi ajibu maswali ya kutafuta vyanzo. Hapo ananizidi mbali.

Na kabla muhula haujafunguliwa, najaribu kila linki. Kile kitufe cha Moodle cha kujigeuza mwanafunzi hakisaidii, maana kivinjari ni kilekile kinachokumbuka kuwa umeshaingia maktaba. Nachukua simu, nazima waifai, nafungua dirisha la faragha, naanza wiki ya kwanza hadi ya mwisho. Safari hii nilikuta mbili mbovu. Moja nilikuwa nimebandika nafasi tupu katikati ya anwani. Nyingine ni ya jarida lililohamia kwa mchapishaji mwingine, na ndiyo ile pekee ambayo nilivivia kutafuta DOI yake.