Fangasi wanaorudi na mbalamwezi

SWALI: Shikamoo bibi muuguzi. Naanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Tangu mwaka uanze nimewashwa ukeni mara tatu, na uchafu mweupe unatoka. Duka la dawa walinipa vidonge sita vya kuweka ukeni. Usiku wa tatu muwasho ukakata, vilivyobaki nikampa jirani. Sasa najisafisha kwa maji ya ndimu. Nimeona hali hii huja kwenye mbalamwezi, mume wangu akiwa nyumbani. Je, ndiye anayeniletea?
Mama wawili, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na jirani. Vidonge hivyo vya fangasi, klotrimazoli ya miligramu 100, ni kimoja ukeni kila usiku, ukishajilaza, kwa siku sita, hata ukipata nafuu siku ya pili. Muwasho hutangulia kuondoka, fangasi wanabaki. Umetumia nusu dozi, naye nusu. Hapo hakuna aliyetibiwa.

Ndimu iache leo. Ukeni kuna bakteria walinzi wanaowabana fangasi; ndimu inaunguza, sabuni ya mawese nayo isiingie ndani. Nje nawa kwa maji tu, basi.

Sasa mume. Wavuvi hulala nyumbani mwezi ukiwa mpevu kwa kuwa taa haivuti dagaa, hilo unalijua kunizidi. Lakini mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, na hedhi ya wengi huzunguka siku 28 hivi. Fangasi nao hupenda kuchachamaa siku chache kabla ya hedhi. Huenda basi muwasho unafuata hedhi, si mume: weka alama za vyote viwili, hedhi na muwasho, kwenye kalenda kabla hujamhoji mtu! Fangasi hawahesabiwi katika magonjwa ya zinaa. Yeye atatibiwa akiwashwa.

Ila mara tatu ni nyingi, usirudi dukani kubahatisha. Nenda kituo cha afya wachukue ute wapime. Uchafu kama maziwa mgando, bila harufu kali, mara nyingi ni fangasi. Ukinuka shombo (siyo ya hao dagaa wako), huenda ni bakteria, na dawa yake ni nyingine. Omba wapime sukari na VVU pia, maana vyote viwili huwapa fangasi nafasi. Kama hedhi imechelewa, sema mapema: flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, hatumpi mjamzito.

Na huyo jirani, mchukue mwende wote.