MUULIZE MJOMBA: Kaka anavutia Houston, mke anataka Chicago

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi na mke wangu tuko Iowa mwaka wa tatu huu, kamji kadogo, mimi kiwanda cha nyama, yeye nyumba ya wazee, tumechoka tunataka mji mkubwa. Kaka yangu yuko Houston, kila siku ananipigia njoo Texas, mshahara haukatwi kodi ya jimbo, nyumba bei chee, joto kama Dar. Mke wangu ana dada yake Chicago na anataka hukohuko, anasema Houston bila gari umekwisha na yeye haendeshi. Tuna gari moja limechoka na mtoto wa miaka miwili. Kazi tumeahidiwa pande zote mbili, mishahara inakaribiana, mimi ghala, yeye hospitali shifti ya usiku. Saivi ndani tunanuniana. Wewe umekaa kote, tupe ukweli.
Njia Panda, Iowa

JIBU: Marahaba mpwa. Kweli nimekaa kote, Chicago miaka sita nikibeba boksi, halafu nikahamia Houston ndo niko mpaka leo, kwahiyo nikisema jambo hapa usidhani nasukumwa na mapenzi ya mji.

Tuanze na hilo la kodi maana ndo chambo cha kaka yako. Ni kweli Texas haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara na Illinois, jimbo lenye Chicago, inakata asilimia 4.95. Haya chukua mshahara wa dola 45,000, hapo Illinois itakula elfu mbili na kitu kwa mwaka. Sasa njoo Houston ununue gari la pili maana hilo moja halitawatosha, weka rejesho la kila mwezi, weka bima, mafuta, tairi, na zile barabara za kulipia ambazo bili yake inakuja kwa posta ushasahau kama ulipita, niambie hiyo elfu mbili itafika miezi mingapi. Chicago pasi ya mwezi ya treni na basi haifiki dola 100, na treni za Red Line na Blue Line zinatembea saa 24, yaani mkeo akitoka shifti saa nane usiku treni ipo. Hapo sijasema ni raha, usiku mule utakutana na kila aina ya binadamu, ila atafika nyumbani bila kumwamsha mtu.

Houston ni mji uliojengwa kwa ajili ya gari, basi. Ile barabara ya Katy kuna sehemu ukihesabu njia zote pamoja na za pembeni zinafika 26, na bado jioni watu wanasimama. Treni ndogo ipo, ilianza 2004, inapita mjini na pale kwenye mahospitali ya Texas Medical Center, eneo kubwa kuliko yote duniani kwa mambo ya hospitali, kwahiyo kama kazi ya mkeo ni pale na mkapata nyumba karibu na reli hapo tunaweza kuongea. Ila kodi za nyumba maeneo yale zimechangamka, na ule unafuu anaousifia kaka yako uko mbali huko pembezoni ambako hata kwenda kununua nyanya ni gari. Basi lipo, lakini jaribu kusimama kituoni mwezi wa nane saa tisa mchana na mtoto mgongoni. Joto la Dar lina upepo wa bahari, hili la Houston linakukalia kichwani.

Na maji je? Kaka kakwambia? Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kuna sehemu mvua ilipita mita moja ndani ya siku chache. Kabla ya kusaini mkataba wowote wa nyumba Houston uliza mtaa huo uliwahi kujaa maji, na ujue bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hiyo inakatwa peke yake. Halafu Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, kwangu giza siku tano. Nilikuwa na mbuzi mzima kwenye friza, nimemnunua kwa ajili ya shughuli ya kipaimara, siku ya pili anaanza kulegea, tukatoa jiko la mkaa pale maegesho tukachoma wote, Wakongo wa ghorofa ya juu wakashuka na mihogo, yule Mnaijeria wa pembeni akaleta pilipili zake, nikasema kumbe huu ndo mtaa. Watu wa kwetu Houston wapo wengi, hilo silikatai, na Kiswahili cha Kongo utakisikia mpaka dukani.

Chicago nako kuna mateso yake. Januari 2019 ilishuka mpaka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Ila ndani utakuwa salama, sheria ya jiji inamlazimu mwenye nyumba apashe joto nyuzi 20 hivi mchana kuanzia katikati ya Septemba mpaka Juni mosi, asipofanya unamripoti. Mwaka wangu wa kwanza theluji imejaa, natoka kazini naona kiti cha plastiki kizuri kimesimama barabarani peke yake, nikasema watu wa huku wanatupa mali, nikakibeba mpaka ghorofa ya tatu. Haijapita nusu saa mlango unagongwa, mzee wa chini, uso mwekundu. Kumbe kachimba theluji masaa mawili na kiti ndo alama kwamba nafasi ile ya gari ni yake! Nikakirudisha na pole juu. Vitu vya kupikia msihofu, mtaa wa Devon kwa Wahindi na Wapakistani mna mchele, bizari, nyama ya mbuzi halali, kila kitu.

Usalama utaulizwa tu. Miji yote miwili ni mtaa kwa mtaa, shemeji yako aliyeko kule anajua zaidi ya taarifa ya habari.

Kwahiyo mpwa, mkeo yuko sahihi. Nendeni Chicago, yeye ajifunze gari taratibu huko kwa dada yake ambaye pia atawashikia mtoto, na hilo halina bei. Mkishakuwa na leseni mbili na magari mawili mazima, Houston mje mnunue nyumba yenye uwanja, mimi nipo. Leo kamuombe radhi kwanza.

SWALI: Mjomba, binti yangu kapata chuo Chicago anaripoti Agosti. Nimnunulie koti huku Kariakoo niokoe hela?
Mama Binti, Dar

JIBU: Dada, hela hiyo mpe mkononi akanunue kulekule mwezi wa kumi, na buti. La Kariakoo atalivaa akiwa ndani.