Albamu zangu za mwaka huu, mwanangu

Umoja, Nairobi
Desemba 2020

Mwanangu mpendwa,

Ile mesej yako niliisoma nikiwa nafunga duka, ukiniuliza "Mum, ukiambiwa uchague albamu zako za mwaka huu utataja gani, na tafadhali usinirudishe kwa zilizopendwa." Nikaanza kukujibu kwa simu nikaona hapana, hii haitoshei hapo, si unajua mimi na muziki, kwa hivyo nimekaa chini leo Jumapili nimepika chai nakuandikia vizuri.

Kwanza ujue vile mimi napima albamu. Sisi tulikuwa tunanunua kaseti River Road, na kaseti ilikuwa pesa ya kuweka weka, ukishainunua huruki wimbo ati huu sijaupenda, unaskiza upande wa kwanza unageuza unaskiza wa pili, na ukitaka kurudi nyuma unaizungusha na kalamu ya Bic ndio usimalize betri. Basi hiyo tabia haijanitoka. Kwangu albamu nzuri ni ile naiweka nikianza kukata kitambaa inalia mpaka naweka vifungo, bila mkono wangu kugusa simu.

Na mwaka huu nimeskiza kuliko miaka yote. Shule zilipofungwa Machi juu ya korona nilikuwa na sare za watu zimekaa pale kwa hanga, sweta, sketi, zingine zimebaki pindo tu, na hakuna mzazi alikuja kuchukua. Nikaanza barakoa. Asubuhi mpaka jioni barakoa, mikunjo mitatu, pasi, kamba, mikunjo mitatu, pasi, kamba, na lastiki ikakosekana kwa yule huwa ananiuzia nikawa natumia kitambaa. Halafu kafyu ya tarehe 27 Machi ikaja, saa moja jioni kila mtu awe kwake, kwa hivyo saa kumi na moja nishafunga, na usiku ukawa mrefu sana. Wewe uko Doha hakuna ndege, niko mimi na ile spika ndogo uliniletea.

Sauti Sol wakatoa Midnight Train mwanzo wa Juni, wiki ile ile kafyu ilisongeshwa mpaka saa tatu usiku, na mimi hizo mbili nimeziunganisha kwa kichwa siwezi tena kuzitenganisha. Ni nyimbo 13. Suzanna tulikuwa tushaizoea tangu Februari na ile gitaa yake inanipeleka moja kwa moja kwa kumbi za zamani, lakini wimbo wangu pale ni Brighter Days, ule wameimba na Soweto Gospel Choir. Hiyo kwaya ikiingia nyuma ya wale vijana wetu, mimi nilisimamisha mashine. Nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili mwanangu, sikukwambia wakati huo, na ule wimbo niliuweka kila asubuhi kabla sijafungua mlango. Na Rhumba Japani ni raha tupu, wameita vijana wengi wa kwao kila mtu anapita na sehemu yake, hiyo ni ya Jumamosi.

Albamu ya Nyashinski, Lucky You, nimeipenda pia, ilitoka mapema mwaka ukianza hata hatujui kitu kinakuja. Siwezi isema sana, ni safi tu, jamaa anajua kuimba na anajua kurap na hajisukumi.

Wakadinali sasa, wale vijana watatu wa rap. Victims of Madness ilitoka Oktoba na hapa Eastlands huwezi kuikwepa, kila matatu, kila kinyozi. Yule kijana ananiletea uzi ndiye alinieleza nani ni Scar, nani Domani, nani Sewersydaa, nikaanza kuwatofautisha kwa sauti. Matusi sipendi na nitasema sipendi. Lakini ukitulia uskize vile wanapanga maneno, sheng ya hapa hapa kwetu, mstari unaisha pale hukutarajia, hiyo ni kazi, mtu ameikalia. Wazee wa estate wanasema ni kelele, mimi nawaambia hata benga, ule muziki wetu wa gitaa wa zamani, kuna watu waliiita kelele.

Halafu ile uliyonitumia wewe, Peel ya KMRU. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika, hakuna ngoma, hakuna mtu anaimba. Nikaiacha. Siku moja usiku nimekosa usingizi nikaiweka taa zikiwa zimezimwa, barabara kimya juu ya kafyu, na ikawa inakuja polepole kama mabati yakipoa baada ya jua, unaskia kitu lakini hujui kinatoka wapi. Nilifika mwisho. Na kilichonishika zaidi ni jina, huyu kijana ni Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwenyewe, mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu, aliyetuacha Oktoba 2018. Guka wako, yaani babu yako, angeambiwa hivyo angekataa! Yeye Jumapili ilikuwa Kamaru na chai, hataki mtu aongee. Nimeskia pia huyo mjukuu anazitoa tena nyimbo za babu yake kwa intaneti ndio zisipotee, na mimi hapo nikampenda kabisa.

Maana mwaka huu tumepoteza. Machi peke yake, Aurlus Mabele yule wa soukous ya Kongo tarehe 19, Manu Dibango yule wa saksafoni wa Kameruni tarehe 24, wote huko Ufaransa. Mabele nimemcheza mpaka viatu vikaisha.

Sasa namba moja yangu, na najua utabisha ati hiyo ni EP, ile rekodi fupi, si albamu. Ni I Am Zuchu, ya yule msichana wa Tanzania, Zuchu. Ilitoka Aprili, nyimbo 7, kwa kaseti ingeingia upande mmoja na ingebaki nafasi, sijali. Nilikuwa kwa barakoa, zimepita nyimbo nzuri nzuri za mapenzi, sauti ya msichana tamu kama nini, halafu ikafika Mauzauza na nikaskia sauti naijua. Mguu ukatoka kwa pedeli. Khadija Kopa! Yule wa taarab, yule wa kundi la TOT la Tanzania, tuliyekuwa tukimskiza kwa redio nikiwa na mimba yako, anaimba na binti yake aliyemzaa. Na hamfuniki mtoto, anaingia kwa nafasi yake, anatoka, anamwachia. Nililia kwa barakoa ya mteja ikabidi niifue upya.

Unakumbuka tulikuwa tunaimba tukiosha vyombo, wewe umesimama kwa kile kistuli cha bluu? Bado kipo, nakikalia nikipiga pasi. Hiyo Mauzauza ianze kujifunza huko sehemu ya Zuchu, ya Khadija mimi nishaijua yote. Na ukipata likizo niletee waya wa kuchaji hii spika, huu umelegea mpaka niushike na kibanio cha nguo.

Ni mimi mamako.