Jibu: Macho kuchoma baada ya kupandikizwa uloto

Salaam ndugu. Umesema mkeo ana miezi minane tangu apandikizwe uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa dada yake, macho yanachoma kama yana mchanga, na dawa ya duka la dawa haisaidii. Mdogo wangu hapa Mikindani yalimkuta hayohayo: chembe za aliyemtolea uloto zilishambulia tezi za machozi. Kile kikaratasi cha kupimia machozi walichomning'iniza kopeni kilitoka karibu kikavu.

Kwanza soma kichupa. Kama ni antibayotiki au steroidi mliyojinunulia, usiendelee kumtilia kabla ya kumwona daktari wa macho. Mdogo wangu alipewa machozi bandia yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia dawa isiharibike). Moshi wa kuchoma korosho ndio adui (jirani zetu hawaelewi kabisa!), avae miwani iliyoziba pembeni. Dozi ya dawa waulize waliompandikiza. Akiona ukungu au mwanga ukimuumiza, nendeni siku hiyohiyo.